Kelele Siyo Ubora: Namna ya Kulinganisha na Kuseti Amplifaya Kuukuu za Gitaa

Ukihudhuria kikao cha bendi ya chuo au kwaya ya vijana siku ya kuchagua amplifaya, utaona jambo lile lile kila mara. Inachomekwa ya kwanza, watu wanasikiliza. Inachomekwa ya pili, inapiga juu kidogo, na hapo hapo mtu anaruka: "Hii ndiyo yenyewe!" Kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza kama ya pili ni bora kweli au imefunguliwa sauti zaidi tu.

Hoja yangu ni kwamba sikio la binadamu, likipewa sauti mbili zinazokaribiana, mara nyingi huipenda yenye nguvu zaidi na kuiita nzuri. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha amplifaya kwa haki lazima asawazishe sauti kwanza, kisha abadilishe kitu kimoja kwa wakati. Sisi wa ualimu tunalijua jambo hili kutoka maabara ya fizikia ya sekondari: ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hujui kipi kimeleta matokeo.

Suala lenyewe si la nadharia. Nyumbani Busisi, wilayani Sengerema, kikundi chetu cha vijana kililazimika kuchagua amplifaya moja kati ya mbili za mtumba. Moja ilikuwa Marshall JCM800 ya valvu, wati 50. Nyingine ilikuwa Peavey ya transista ya miaka ya 1980. Fedha zilitoka kwenye michango ya wauza dagaa, madereva wa bodaboda na wenzetu waliozoea kuchuuza machungwa na mayai ya kuchemsha kwa abiria waliosubiri kivuko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, magari yanapita moja kwa moja na foleni ya kuchuuzia haipo tena. Daraja limetusaidia sana, lakini kwa wenzetu hao shilingi ya mchango imekuwa nzito. Kuitupa kwenye kelele isingekuwa haki.

Geini ni nini hasa?

Gitaa la umeme hutoa wimbi dogo sana la umeme. Amplifaya hulikuza kwa hatua: hatua za mwanzo hukuza wimbi lenyewe, na hatua ya mwisho huongeza nguvu ya kusukuma spika. Kila hatua ina kikomo. Wimbi likizidi kikomo hicho, ncha zake za juu na za chini hukatwa, nalo lililokuwa la mviringo linakuwa bapa. Huo ndio mkwaruzo tunaousikia kwenye roki.

Wimbi likikatwa, huzaliwa sauti mpya ndani yake. Piga waya wa tano wa gitaa, ambao hutoa hezi 110. Mkwaruzo huongeza nguvu kwenye hezi 220, 330, 440 na kuendelea. Ndiyo maana noti moja yenye mkwaruzo inasikika nene na ndefu. Vilevile tofauti kati ya kupiga kwa nguvu na kupiga taratibu hupungua, kwa sababu wimbi kubwa na dogo yote yanagonga dari lile lile. Mpigaji anajisikia mtaalamu, lakini msikilizaji haoni tena mguso wa vidole vyake.

Watengenezaji wa mwanzo hawakuutafuta mkwaruzo huu. Marshall ya kwanza, JTM45, ilitengenezwa London mwaka 1962 kwa kufuata mchoro wa Fender Bassman ya Marekani. Kupata mkwaruzo kulihitaji kufungua sauti yote. Baadaye huko California, Randall Smith wa Mesa/Boogie alipanga hatua kadhaa za kukuza zikifuatana, na nobu ya masta ya kudhibiti sauti ya mwisho. Marshall nao walitoa modeli zenye masta mwaka 1975, na jina JCM800 likaja 1981. Baada ya hapo geini ikazidi kupanda: Soldano SLO-100 mwaka 1987, Peavey 5150 mwaka 1992.

Kwa hiyo amplifaya hizi zina nobu mbili ambazo wengi huzichanganya. Nobu ya geini huamua wimbi ligonge dari kwa nguvu kiasi gani. Nobu ya masta huamua sauti itoke kubwa kiasi gani. Ukizungusha geini, kwa kawaida vyote viwili vinabadilika pamoja, na hapo ndipo sikio linapodanganywa.

Nobu zenye jina moja, kazi tofauti

Kosa linaloonekana sana ni kunakili namba. Mtu anaona mpiga gitaa fulani ameweka besi 7, kati 4, trebo 6, anakwenda kuziweka kwenye amplifaya nyingine kabisa, kisha anashangaa mbona sauti haifanani.

Sababu ya kwanza ni mahali nobu hizo zilipo kwenye njia ya sauti. Kwenye JCM800, besi, kati na trebo huja baada ya hatua za geini. Wimbi limeshakatwa, wewe unalipamba tu, kwa hiyo unaweza kuongeza besi na mkwaruzo ukabaki ule ule. Kwenye Mesa/Boogie za mfululizo wa Mark ni kinyume: nobu hizo huja kabla ya hatua kubwa ya geini. Ukiongeza besi, unaipeleka ikakatwe pamoja na vingine, na sauti inakuwa uji. Ndiyo maana wanaozijua huweka besi chini sana, 1 au 2, geini inapokuwa juu, kisha huirudisha besi mbele kwa ikwalaiza ya vitelezi iliyo baada ya geini. Trebo yake nayo hufanya kazi ya kuongeza geini.

Sababu ya pili ni kwamba nobu hizi tatu zinategemeana. Kwenye amplifaya nyingi kuukuu, saketi hii haiongezi kitu, inapunguza tu. Ukiweka trebo juu sana, nobu ya kati inapungua uwezo. Ukiweka zote tatu sifuri, karibu sauti yote inatoweka. Na usidhani kwamba zote zikiwa 5 basi sauti ni sawasawa. Kwenye Fender na Marshall, sauti za kati huwa zimeshapunguzwa hata nobu zikiwa katikati.

Halafu kuna prezensi. Hii inafanya kazi kwenye hatua ya mwisho ya nguvu na inagusa ncha za juu kabisa za sauti. Trebo ikikosekana, usikimbilie prezensi. Maliza kwanza na trebo, halafu prezensi iwe chumvi ya mwisho.

Kulinganisha kwa haki: hatua saba

1. Gitaa moja, waya mmoja, mpigaji mmoja. Usiruhusu kila mtu aje na gitaa lake. Kama boksi la spika linaweza kutumika kwa amplifaya zote mbili bila kuvunja masharti ya omu, tumia hilo hilo, kwa sababu spika hubadilisha sauti kuliko watu wengi wanavyodhani.

2. Chagua vipande vitatu vifupi: kimoja cha noti safi mojamoja, kimoja cha kodi, kimoja cha mkwaruzo. Sekunde kumi kila kimoja zinatosha, maana kumbukumbu ya sikio ni fupi. Ukipiga dakika tano kwenye ya kwanza, hutaikumbuka utakapofika ya pili.

3. Anza na nobu zote za sauti kwenye 5, geini chini, prezensi chini.

4. Sawazisha sauti. Weka simu yenye programu ya kupimia desibeli mahali pamoja, mita tatu hivi kutoka kwenye spika. Simu si kipimo cha maabara, lakini ikiwa ni ile ile na iko pale pale, inafaa kwa kulinganisha. Rekebisha masta hadi zote mbili zisome karibu sawa.

5. Funika amplifaya kwa kitenge, na anayebadilisha waya asiseme ipi ni ipi. Jina lililoandikwa usoni lina kelele yake pia.

6. Kila msikilizaji aandike kwenye karatasi yake kabla ya mazungumzo. Mkianza kujadili, mwenye sauti kubwa kikundini atawaongoza wote.

7. Badilisha nobu moja tu, sawazisha tena, sikiliza tena.

Usitishwe na namba ya wati. Wati 100 si mara mbili ya wati 50 kwa sikio. Kuongeza nguvu mara mbili ni kuongeza desibeli 3 tu. Ili wengi wetu tuseme sauti imekuwa mara mbili, inatakiwa takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa ukumbi wa wastani, wati 50 za valvu ni nyingi, tena nyingi sana.

Angalia na umeme. Amplifaya nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa volti 120, wakati kwetu ni volti 230. Soma nyuma ya mashine kabla ya kuchomeka. Kisha, kama umeme wa eneo lenu hushuka jioni, usijaribu moja saa nane mchana na nyingine saa mbili usiku. Volti zikishuka, tabia ya valvu hubadilika, na utaihukumu mashine kwa kosa la muda.

Kuseti pale mtakapopigia

Sauti uliyoipenda chumbani hosteli itakusaliti ukumbini. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kuwa sikio halisikii besi na trebo kwa usawa katika kila kiwango cha sauti. Sauti ikiwa ndogo, besi na ncha za juu hufifia kuliko sauti za kati. Chumbani, kwa hiyo, unajaza besi na trebo na kuondoa kati ili usikie utamu. Ukifika ukumbini na kufungua masta, besi inanguruma, trebo inachoma, na gitaa lenyewe limepotea, kwa sababu makazi yake ni sauti za kati. Kanuni rahisi: sauti ikipanda, punguza besi, ongeza kati.

Pili, spika ya inchi 12 hupeleka trebo mbele kama tochi. Mpigaji anayesimama na amplifaya miguuni haisikii trebo hiyo. Inapita magotini pake na kuwapiga usoni waliokaa mstari wa mbele. Yeye anaongeza, wao wanaziba masikio. Inua amplifaya juu ya stuli au kreti, au iinamishe iangalie juu, kisha mwenzako apige wakati wewe umesimama walipo wasikilizaji.

Tatu, ukumbi una sauti yake. Amplifaya iliyosukumwa kwenye kona hupata besi ya bure, kwa hiyo ivute mbele kabla ya kugusa nobu. Kuta za saruji na paa la bati hurudisha sauti za juu. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya sehemu ya sauti hizo. Ukiseti ukumbi ukiwa mtupu na ikasikika kali kidogo, usiharakishe kuipunguza. Subiri watu waingie.

Muziki wetu unahitaji geini kiasi gani?

Muziki wa dansi wa Tanzania, kuanzia NUTA Jazz hadi Mlimani Park, umejengwa juu ya magitaa kujibizana: solo, second solo, rithimu na besi, kila moja ikipita kwenye nafasi iliyoachwa na nyingine. Kwaya nyingi za kanda ya ziwa zimerithi mpangilio huo. Vyombo vya bendi zile kwa kawaida vilikuwa mali ya taasisi, kama chama cha wafanyakazi au shirika, si ya mpigaji. Amplifaya ilikuwa ya wote, na ilipaswa kumfaa kila atakayekuja.

Sasa tazama mkwaruzo unavyofanya kwenye mpangilio huo. Noti mbili zikiingia kwenye hatua iliyozidiwa, hazitoki mbili. Zinazaa nyingine, ikiwemo jumla na tofauti yake. Piga hezi 110 na 165 pamoja: utapata 55 na 275. Zote nne zinagawanyika kwa 55, kwa hiyo zinaelewana, na ndiyo maana wapiga roki hupenda kodi ya noti hizi mbili. Lakini piga 110 na 132: inakuja 22, mngurumo wa chini kabisa usio na nafasi kwenye wimbo wako, na 242 juu yake. Kodi ya noti nne au tano yenye geini nyingi inakuwa vurugu tupu.

Hali inakuwa mbaya zaidi kikundi kikiwa na amplifaya moja, na solo na rithimu zikachomekwa humo humo. Magitaa mawili kwenye amplifaya mbili hukutana hewani, na hewani sauti hujumlika tu. Yakikutana ndani ya valvu iliyozidiwa, yanazaa noti ambazo hakuna aliyezipiga. Mkilazimika kutumia moja, geini iwe chini kabisa.

Najua hoja ya upande wa pili. Kwetu Usukumani, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu hupimwa kwa umati: atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kuna wanaosema kelele ni sehemu ya mchezo, na wana haki. Lakini kuvuta watu ni kazi ya masta na spika. Geini haifikishi sauti mbali. Mara nyingi ikizidi inaifanya isieleweke. Mtu aliye mbali anavutwa na kile anachoweza kukifuata kwa mguu wake.

Kilichotokea Busisi

Kabla ya kusawazisha sauti, karibu kila mtu kikundini aliitaka Marshall. Baada ya kusawazisha na kufunika kwa kitenge, mambo yaligawanyika. Kwenye kipande cha mkwaruzo, wengi bado waliichagua Marshall bila kujua ndiyo. Kwenye noti safi na kodi, kura zilikaribiana, na baadhi ya waliokuwa wameapa kwa valvu waliandika jina la ile nyingine.

Hapo swali likabadilika. Badala ya kuuliza ipi ni kali, tukauliza tunapiga nini. Nyimbo zetu karibu zote ni za gitaa safi. Valvu huchakaa na kuzipata ni safari na gharama. Tukachukua ya transista, na fedha iliyobaki ikanunua waya mpya na stabilaiza. Mpiga solo wetu hakufurahi, na simlaumu, maana kwa kile anachokipenda yeye sikio lake lilikuwa sahihi. Kama tungekuwa bendi ya roki, jibu lingekuwa jingine, na hatua zilezile saba ndizo zingetufikisha huko.

Usalama kabla ya sifa

Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti mia kadhaa, na kapasita zake zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usifungue kama si fundi. Usikate pini ya athi ili kuondoa mngurumo. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mwenye gitaa mkononi.

Usiwashe amplifaya ya valvu na kuipiga bila spika. Transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Hakikisha omu za boksi zinalingana na zilizoandikwa nyuma. Ya transista kwa kawaida huumia zaidi ikipewa omu chache kuliko ilizopangiwa.

Masikio nayo hayana spea. Mwongozo unaotumika sana wa NIOSH ya Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unapungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15. Mazoezi ya bendi kwenye darasa lililofungwa yanaweza kufika huko bila mtu kugutuka. Masikio yakilia usiku baada ya mazoezi, hiyo ni taarifa.

Maswali ya kujipima

1. Amplifaya A ina wati 100 na B ina wati 50. Zikifunguliwa hadi mwisho, tofauti yake ni desibeli ngapi, na je, A itasikika mara mbili?

2. Kwa nini besi 7 inaweza kufaa kwenye JCM800 lakini ikaharibu sauti kwenye Mesa/Boogie ya Mark yenye geini kubwa?

3. Kokotoa jumla na tofauti ya hezi 220 na 330, kisha ya 220 na 264. Ipi itavumilia mkwaruzo, na kwa nini?

4. Kikundi chenu kina amplifaya moja, magitaa mawili na ukumbi wa paa la bati. Andika mpangilio wa nobu utakaoanza nao, kisha uutetee mbele ya mpiga solo.